Sindano za kupunguza mwili: mafuta yanaondoka, na misuli je?



Jumamosi moja asubuhi, hapa hapa Ipagala, mdogo wangu alishindwa kuinua ndoo ya maji. Haikuwa ndoo kubwa ya lita 20, bali ile ya lita 10 ambayo wanawe wanaibeba kila siku kutoka bombani hadi jikoni. Aliinua, mikono ikatetemeka, akaitua, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kuanza kulia. Miezi minne kabla ya siku hiyo alikuwa na kilo 88. Siku ile alikuwa na kilo 71, na kila aliyekutana naye njiani alikuwa akimpongeza.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi, na ni dada yake wa tumbo moja. Hata hivyo sikujua. Nilidhani amefunga sunna na kuacha chapati. Siku hiyo ndipo alipofungua friji, akatoa kopo la biskuti, na ndani yake mlikuwa na vichupa viwili vya unga mweupe, sindano za insulini na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono. "Dada, hii ya kwanza inayeyusha mafuta," aliniambia. "Na hii ya pili inalinda misuli. Ndiyo maana zinachanganywa."

Alizinunua kwa fedha ya mchezo, kutoka kwa mama anayeuza mabaibui na manukato kwa simu. Kichupa kimoja kiliandikwa semaglutidi. Cha pili kiliandikwa majina mawili, CJC-1295 na ipamorelini. Hakuna kilichokuwa na namba ya toleo, jina la kiwanda wala tarehe ya kuisha muda wake.

Simtaji mdogo wangu ili nimwaibishe. Amenipa ruhusa mwenyewe, kwa sharti nisiandike jina lake, kwa sababu anajua wapo wengine wenye makopo ya biskuti kama lake. Maoni yangu nayasema mwanzoni kabisa: kuchanganya sindano hizi nyumbani ili upunguze mafuta na ubakize misuli ni kununua hatari kwa fedha yako mwenyewe. Kile unachoahidiwa na kichupa cha pili kinapatikana kwa njia nyingine, nyepesi na ya halali, na sehemu kubwa ya njia hiyo imo ndani ya jiko lako.

Peptidi ni kitu gani?

Neno hili linatisha, lakini kitu chenyewe si kigeni. Protini tunazokula kwenye maharage au nyama zimejengwa kwa chembe ziitwazo asidi amino, zilizoungana kama shanga kwenye uzi. Uzi ukiwa mfupi huitwa peptidi. Insulini ambayo wagonjwa wa kisukari wamekuwa wakiitumia tangu mwaka 1922 ni peptidi pia. Ni kwa sababu hiyo nyingi ya dawa hizi hudungwa kwa sindano: ukizimeza kama kidonge cha kawaida, tumbo huzisaga kama linavyosaga chakula.

Mwilini mwetu utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1 tunapokula. Homoni hii huuambia ubongo kwamba tumeshiba, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na husaidia insulini kutoka pale sukari inapopanda. Semaglutidi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye dawa za Ozempic na Wegovy, huiga kazi ya homoni hiyo. Tirzepatidi, iliyomo kwenye Mounjaro, huiga homoni mbili kwa wakati mmoja.

Dawa hizi si uongo, na mwandishi wa safu ya afya hapaswi kusema uongo ili kuwatisha watu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliotumia semaglutidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, ilhali waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4 tu. Mwaka uliofuata utafiti wa tirzepatidi ulionyesha upungufu wa takriban asilimia 21 kwa dozi ya juu. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambao pia wana unene uliokithiri na maradhi ya moyo au ya figo.

Kwa hiyo tatizo si kwamba dawa haifanyi kazi. Tatizo ni kwamba inafanya kazi sana, na haichagui vizuri kile inachokiondoa.

Mizani haisemi ukweli wote

Mtu akipanda mizani na kukuta amepungua kilo 10, hudhani zote 10 ni mafuta. Sivyo. Mwili usipopata chakula cha kutosha huchoma mafuta, na pia hubomoa misuli. Katika utafiti ule wa mwaka 2021, washiriki 140 walipimwa kwa mashine inayotofautisha mafuta na sehemu nyingine za mwili. Karibu asilimia 40 ya kile kilichopungua hakikuwa mafuta. Kwa tirzepatidi, sehemu hiyo ilikuwa karibu robo.

Tuwe waadilifu: sehemu hiyo isiyo mafuta si misuli mitupu, kuna maji na viungo vingine ndani yake. Na mtu mnene akipungua kwa njia yoyote ile, hata kwa kujinyima chakula tu, hupoteza kiasi fulani cha misuli. Lakini piga hesabu ya mdogo wangu. Asilimia 40 ya kilo 17 ni karibu kilo 7. Ukizitoa kilo 7 za namna hiyo kwa mwanamke wa miaka 44 ambaye hafanyi kazi ya nguvu, ndoo ya lita 10 inageuka jiwe.

Misuli si pambo la vijana wanaoinua vyuma. Ndiyo inayokuinua kutoka sijda bila kushika sakafu. Ndiyo inayomzuia bibi asianguke chooni na kuvunjika nyonga. Misuli hupokea sehemu kubwa ya sukari unayokula, hivyo anayepoteza misuli hupoteza pia mahali pa kuhifadhi sukari. Kuanzia umri wa kati misuli huanza kupungua yenyewe, na kadiri umri unavyosonga ndivyo kuirudisha kunavyokuwa kazi ngumu.

Kisha kuna jambo la pili. Washiriki wa utafiti ule walipoacha sindano, ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Mafuta hurudi kwa urahisi. Misuli hairudi bila kuifanyia kazi. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza na kilo 88, akashuka, akapanda tena, na akajikuta na mwili wenye mafuta mengi zaidi na nguvu kidogo kuliko siku aliyoanza.

Ahadi ya kichupa cha pili

Hapo ndipo wauzaji walipoona soko. Wamesikia kwamba misuli inapotea, wakaleta peptidi nyingine za "kulinda misuli". CJC-1295 na ipamorelini huisukuma tezi iliyo chini ya ubongo itoe homoni ya ukuaji kwa wingi. BPC-157 huuzwa kama dawa ya kuponya maumivu na majeraha. AOD-9604 huuzwa kama ya kuyeyusha mafuta.

Tuzitazame moja moja. AOD-9604 ilijaribiwa kwa watu wanene na ikashindwa kuonyesha faida ya maana, utafiti wake ukasimamishwa mwaka 2007. BPC-157 imepigiwa debe zaidi kwa majaribio ya panya kuliko ya binadamu, na mwaka 2022 iliingia kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa michezoni duniani. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliziweka BPC-157, CJC-1295 na ipamorelini kwenye kundi la vitu vyenye mashaka makubwa ya usalama. Ipo peptidi moja ya jamii hii, tesamorelini, iliyoruhusiwa nchini humo mwaka 2010, lakini iliruhusiwa kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi wenye mafuta yaliyozidi tumboni. Haikuruhusiwa kwa bibi harusi wala mama wa nyumbani.

Homoni ya ukuaji ikizidi hupandisha sukari kwenye damu. Hebu fikiri: kichupa cha kwanza kinashusha sukari, cha pili kinaipandisha, na mwenye mwili hapimi sukari wala hajui kama ana kisukari. Homoni hiyo pia huufanya mwili ushike maji. Mtu huona mikono imejaa, akadhani ni misuli, kumbe ni maji.

Msomaji anaweza kuuliza, mbona hata wataalamu huchanganya? Ni kweli. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mchanganyiko wa semaglutidi na peptidi nyingine iitwayo kagrilintidi, uliojaribiwa kwa watu zaidi ya 3,400 kwa wiki 68, na upungufu ulikuwa wastani wa asilimia 20 hivi. Mwaka huo huo ulitangazwa utafiti uliounganisha semaglutidi na bimagrumabu, ambayo si peptidi bali ni kingamwili inayolenga misuli. Waliopewa zote mbili, zaidi ya asilimia 90 ya uzito uliopungua ulikuwa mafuta. Waliopewa semaglutidi peke yake, ilikuwa kama asilimia 72.

Hizi ni habari njema, na huenda siku moja zikawafikia wagonjwa wetu. Lakini angalia tofauti. Kule dawa zimetengenezwa kiwandani kwa kipimo kinachojulikana, washiriki wamepimwa damu mara kwa mara, na kila aliyetapika ameandikwa. Huku unga umetoka pasipojulikana, na mpimaji ni mama muuza manukato. Mchanganyiko wa maabara na mchanganyiko wa kopo la biskuti havilingani, kama vile mchuzi wa jikoni kwako usivyolingana na maji machafu ya rangi ile ile.

Hesabu ya bomba la sindano

Nataka kila anayesoma aelewe jambo hili, kwa sababu ndilo lililomlaza mdogo wangu hospitali siku mbili kwa kutapika kabla ya siku ya ndoo, naye akatuambia ni chakula kibaya.

Bomba la insulini lina alama 100, na alama hizo 100 ni mililita moja. Alama si miligramu. Dozi ya kuanzia ya semaglutidi ni miligramu 0.25 kwa wiki, kwa wiki 4, ndipo hupandishwa taratibu. Kichupa cha mdogo wangu kiliandikwa miligramu 5, na kikaratasi kilimwambia aweke maji mililita 1 kisha avute alama 20. Alama 20 ni sehemu ya tano ya mililita. Sehemu ya tano ya miligramu 5 ni miligramu 1. Alianza siku ya kwanza na dozi mara 4 ya ile ya kuanzia. Na hapo tunachukulia kwamba maandishi ya kwenye kichupa yalikuwa ya kweli.

Kosa hili si la mtu asiyesoma. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa kujidunga mara 5 hadi 20 ya dozi waliyokusudiwa, kwa sababu hiyo hiyo ya kuchanganya alama na miligramu. Mwezi mmoja kabla yake, Juni 2024, WHO ilitahadharisha dunia kuhusu semaglutidi bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Bandia zikifika London, sidhani kama zitashindwa kufika Dodoma.

Kuna pia habari ya joto. Sindano ya Ozempic ambayo haijaanza kutumika hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa hustahimili hadi nyuzi 30 kwa siku 56. Sasa fikiria kifurushi kilichosafiri kwenye buti la basi, mwezi wa Oktoba jua la Dodoma likiwaka, kisha kikakaa kwenye friji ya nyumba ambayo umeme hukatika. Huwezi kujua kilichobaki ndani ni dawa au maji tu. Na unga uliochanganywa jikoni kwa mikono unaweza kuingia vijidudu, kisha ukavipeleka mwenyewe chini ya ngozi yako. Uislamu umetufundisha twahara mpaka kwenye maji ya udhu. Iweje tusiulize usafi wa kitu tunachokiingiza mwilini kwa sindano?

Swali la halali na la swaumu

Wasomaji wengi huniuliza kwanza kama dawa hizi zina asili ya haramu. Dawa ya awali kabisa ya kundi hili, iliyoruhusiwa mwaka 2005, ilitokana na uchunguzi wa mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani, lakini dawa yenyewe ilitengenezwa maabara. Semaglutidi hutengenezwa kwa kutumia hamira iliyofundishwa kazi hiyo. Haitoki kwa nguruwe. Lakini hayo ni ya dawa halisi ya kiwandani. Kichupa kisicho na jina la mtengenezaji, hakuna sheikh wala mfamasia anayeweza kukwambia kimo nini.

Kuhusu swaumu, baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 lilisema sindano za chini ya ngozi, za misuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha mwili. Anayetaka ufafanuzi zaidi amuulize sheikh wake. Mimi nazungumzia upande wa afya. Mwenye kutumia dawa hii kwa idhini ya daktari asianze wala kupandisha dozi ndani ya Ramadhani. Afanye hivyo wiki kadhaa kabla, ili kichefuchefu kiwe kimetulia. Kutapika mchana ukiwa umefunga, bila maji, kunaweza kuumiza figo. Na anayetumia insulini au vidonge vya kutoa insulini pamoja na sindano hizi anaweza kushuka sukari ghafla.

Wapo wasiotakiwa kuzigusa kabisa: mjamzito, na anayepanga kushika mimba, kwani semaglutidi huachwa angalau miezi 2 kabla. Anayetumia tirzepatidi ajue kwamba inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwenye historia ya uvimbe wa kongosho, au ambaye katika ukoo wao kuna aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo, lazima amwambie daktari. Maumivu makali ya tumbo yanayokwenda mgongoni si ya kungojea asubuhi.

Mgonjwa asionewe haya

Sasa nageukia upande wa pili, kwa sababu wapo watakaosoma makala hii na kusema, "Nilijua, hizo ni tamaa za wanawake." Sikubaliani nao.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Unene ni maradhi yenye sababu nyingi: damu ya ukoo, homoni, kazi za kukaa, soda kwenye kila hafla, chipsi mayai kila kona. Mji wetu wenyewe umebadilika. Tangu Serikali ilipohamia hapa, wengi wetu tumeacha jembe na baiskeli, tunakaa ofisini mchana na kwenye kochi usiku.

Kwa hiyo mwenye kisukari na unene, ambaye daktari ameona anahitaji dawa hii, asionewe haya kama mvivu. Hatumwambii mwenye pumu apumue kwa bidii. Ninachosema ni kwamba apite mlango wa mbele: hospitali, vipimo vya sukari, figo na ini, cheti cha daktari, famasi iliyosajiliwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) makao makuu yake yapo hapa hapa Dodoma. Ukiitilia shaka dawa, peleka kichupa, usikitupe jalalani watoto wakakiokota.

Na kila sindano halisi inayokwenda kwa mtu anayetaka kupungua kilo 5 kabla ya harusi, imemkosa mgonjwa wa kisukari anayeihitaji.

Misuli hulindwa kwa mambo mawili

Baada ya siku ile ya ndoo, mdogo wangu aliacha vichupa vyote viwili, akaenda kupimwa, na Alhamdulillah figo zake zilikuwa salama. Daktari hakumpa kichupa cha tatu. Alimpa mambo mawili: protini na mzigo.

Protini kwanza. Anayepunguza uzito huhitaji kama gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili, mwenye maradhi ya figo akipangiwa na daktari wake. Mtu wa kilo 80 anahitaji gramu 96 kwa siku. Zinaonekana nyingi, lakini hesabu na mimi. Mayai 2 yana gramu 12. Vikombe 2 vya maharage au kunde zilizopikwa, gramu 30. Gramu 30 za dagaa wakavu, gramu 18. Glasi 2 za maziwa, gramu 16. Karanga gramu 40, gramu 10. Ugali wa gramu 100 za unga wa uwele, gramu 10. Jumla ni 96, na hatujagusa nyama ya mnada wa Msalato. Kosa la mdogo wangu lilikuwa hili: dawa ilimkata hamu, akawa anaishi kwa chai na nusu bakuli la uji. Mwili ukajila wenyewe.

Mzigo pili. Misuli hubaki pale inapotumika. WHO inashauri mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 za kutembea au mwendo mwingine. Huhitaji kulipia ukumbi wenye vioo na muziki. Uani kwako panatosha, na stara yako imo. Kaa kwenye kiti na uinuke mara 10, pumzika, rudia mara 3. Shika dumu la lita 5 kila mkono, maana hizo ni kilo 5, ukiziinua na kuzishusha. Sukuma ukuta kama unayetaka kuuhamisha. Wiki kwa wiki ongeza kidogo.

Haya si maneno ya faraja tu. Huko Denmark watu 195 walipunguzwa uzito kwa chakula, kisha wakagawanywa: wengine mazoezi, wengine sindano ya liraglutidi ambayo ni ndugu wa semaglutidi, wengine vyote viwili, wengine bila chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliofanya vyote viwili walipunguza mafuta karibu mara mbili ya waliofanya kimoja. Na walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, waliokuwa wamefanya mazoezi ndio walioshikilia faida vizuri kuliko waliotegemea sindano peke yake. Mchanganyiko uliofaa ulikuwa dawa na jasho, si kichupa na kichupa.

Ukitaka kujipima, keti kwenye kiti, kunja mikono kifuani, inuka na kuketi mara 5. Ikizidi sekunde 15, miguu yako imeanza kudhoofika na ni vyema umwone mtaalamu. Mdogo wangu mara ya kwanza alitumia sekunde 21. Baada ya miezi mitatu ametumia 12. Uzito wake umerudi kidogo, yuko kilo 75, na ndoo anaibeba.

Neno kwa waume na kwa sisi sote

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, na mimi ni dada yake na ni muuguzi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema shemeji yangu alimwambia siku moja mbele ya wageni kwamba amejiachia. Neno moja, kwa mzaha, watu wakacheka. Wiki iliyofuata alikuwa amekwisha kutuma fedha.

Shemeji yangu si mtu mbaya. Aliposikia alishtuka kuliko sisi, na sasa ndiye anayetembea naye kila baada ya Alfajiri kuelekea Swaswa na kurudi. Lakini tujifunze. Tunawacheka wanene, kisha tunawapongeza waliopungua bila kuuliza wamepunguaje. Hata mimi nilimpongeza. Nilimwambia kwenye shughuli, mbele ya watu, "Mashaallah umependeza," na kumbe alikuwa amesimama kwa kushika meza.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kiasi katika kula, na kuacha tumboni nafasi ya maji na ya pumzi. Hakutufundisha kuuchukia mwili wala kuudhoofisha. Mwili ni amana, na nguvu iliyomo ndani yake ni sehemu ya amana hiyo. Kama kuna kopo kwenye friji yako, lifungue leo mbele ya mtu unayemwamini, kisha mwende hospitali pamoja. Huko hakuna atakayekucheka, na akicheka, niandikie kwenye safu hii.

Wabillahi tawfiq.